Kadi Haibishiwi

Pointe-Brûlée,
Alhamisi, 20 Desemba 1984

Kwa kaka yangu Rosaire, kambini Anse-Noire,

Pokea salamu zangu, nzito kama theluji iliyolala juu ya paa letu, ambayo Mama ananikumbusha kuikwangua kila anaponiona nimekaa. Nataraji barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji Huguette na wale watoto wenu wawili wenye kelele. Huku tunaendelea vizuri. Goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi za kanisa, ila kwenye ngazi za kwenda kusengenya kwa jirani halimsumbui hata kidogo. Mimi mwenyewe ni mzima, na ikiwa huko kuna mtu bado anauliza ni nani kijana mwenye sura nzuri kuliko wote upande huu wa ziwa, mwambie jibu halijabadilika.

Kabla hujaendelea, nina neno. Nakujua unavyosoma barua. Unasoma mwanzo, unasoma mwisho, katikati unamwachia mkeo akusimulie wewe unanyoa ndevu. Hii usiifanyie hivyo. Isome yote ukiwa umekaa, na usiwashe pikapu yako kuelekea ziwani kabla hujafika nilipotia jina langu. Na yale masanduku mawili ya mchezo wa maswali, lako na lile la bwenini kambini, yafunge kamba, asiyafungue mtu. Usiniulize kwanza kwa nini. Nitafika.

Ningekupigia simu, lakini ile mvua ya barafu ya Jumatatu imeangusha nyaya kutoka hapa hadi kwenye kiwanda cha mbao. Hata kama zingekuwa zimesimama, unaijua simu yetu, nyumba sita kwenye laini moja. Ukikohoa leo, kesho kanisani watu watano wanakuuliza kama umepona. Kwa hiyo nampa Hervé, dereva wa basi, akuletee mkononi. Ataondoka saa saba mchana. Barabara ya kuzunguka ziwa imejaa matawi, lakini Hervé anasema atapita hata kama itabidi abiria washuke wasukume.

Sasa nikueleze. Wewe mchezo huu ulikufikia umeshapikwa na kupakuliwa, kwa hiyo hujui jikoni kulikuwaje.

Mwalimu Desrochers ndiye aliyeuleta. Alifika hapa Septemba ya mwaka jana na mkewe Maryse, na vyombo vyao vyote ndani ya pikapu moja, na katikati ya magodoro limekaa sanduku la buluu iliyoiva. Watu wakadhani ni vitabu vya shule. Jumamosi ya kwanza ya theluji akaliweka juu ya meza ya ukumbi wa parokia, akalifungua, na ndani mna ubao wenye duara kama gurudumu la baiskeli na makadi mengi ajabu. Alituambia kwamba mchezo huo si wa Waamerika, ni wa kwetu hukuhuku Kanada. Eti waandishi wa habari wawili waliubuni pale Montreal mezani, bia mkononi, si zamani, mpaka sasa ni miaka mitano tu. Eti mwanzoni haukununuliwa na mtu, kisha ghafla nchi nzima ikaingiwa na wazimu, watu wakapanga foleni madukani asubuhi kama wanaogawiwa nyama. Lile sanduku lake binamu ya Maryse alilipata kwa kumpokonya bibi mmoja mlangoni. Mzee Adélard alisema mchezo ulioanzia kwenye bia hauwezi kuwa na ubaya wowote. Hayo ni maneno yake, mimi nayanukuu tu.

Unajua unavyochezwa. Unatupa dadu, unatua kwenye rangi, mwenzako anachomoa kadi anakuuliza. Ukijibu kwenye zile nyumba kubwa unapata kipande cha kujaza kigurudumu chako, vipande sita vya rangi sita, kisha unarudi katikati kuulizwa la mwisho. Lakini utamu wake, kaka, hauko kwenye ubao. Utamu ni kwamba haukuulizi umesoma mpaka darasa la ngapi. Mimi niliyetoka shule darasa la nane huku nimeshika sikio, nilimshinda mthibitishaji wa hati, mwenye vyeti vitatu ukutani. Nilimshinda padri kwenye swali la majina ya watoto wa Nuhu. Alisema alikuwa na mafua. Nikamwambia, Baba, pole, lakini Nuhu naye alikuwa na maji mengi na hakusahau watoto wake. Ukumbi ulicheka mpaka mama wa kupika supu akatoka jikoni na mwiko kuangalia nani ameanguka.

Na kulikuwa na kitu kingine, hicho sikupenda kukisema wakati ule kwa sababu sikukijua jina. Kadi ikisomwa, watu hunyamaza. Mzee Adélard hajapata kukubali kwamba amekosea tangu vita vya pili vya dunia, mkewe ni shahidi. Lakini kadi ikimwambia amekosea, anashusha macho na kuvuta kiko chake. Mimi nilikuwa nauona ule unyamavu, nikawa nautaka. Nilitaka siku moja watu wanyamaze hivyo kwa sababu yangu.

Tatizo lilikuwa Kiingereza. Makadi yote yaliandikwa kwa lugha hiyo, Mwalimu anatutafsiria mezani, na maswali yenyewe ni ya mke wa tatu wa mwigizaji fulani wa sinema na besiboli ya mji ambao hata Hervé hajafika. Mwezi wa Oktoba mwaka huu nikasimama nikasema tuache kuulizwa habari za watu, tutengeneze makadi yetu. Mwalimu alinishika mkono kwa furaha kama nimefaulu mtihani. Nikakusanya maboksi ya nafaka ya kijiji kizima, nikachukua mkasi wa Mama wa kushonea (ndiyo, ni mimi, na umekufa makali, usimwambie), nikakata kadi mia tatu, ndogo kama stempu mbili. Mia tatu, kaka. Wewe ulikuwa unasema siwezi kumaliza hata bakuli la uji.

Tuliuliza ngazi za mnara wa kengele ni ngapi. Tuliuliza ni ng'ombe wa nani aliyekula kofia ya askofu mwaka wa hamsini na moja. Makadi ya kijani, yaani ya sayansi, yakatupa taabu, maana sayansi yetu ni msitu, injini na barafu. Hayo nikayaandika mimi peke yangu, yote niliyosikia kwa Baba alipokuwa bado anapima ziwa na kupanda ile misonobari midogo juu ya barafu kuonyesha njia. Nilijiona profesa. Mwalimu alitaka ayapitie kwanza, nikamwambia asubiri achezeshwe kama watu wengine.

Siku ya kwanza tu pakatokea ugomvi. Mzee Adélard alisema ng'ombe yule alikuwa wa upande wa mkewe, si wa Gagnon kama kadi ilivyosema, na kofia haikuliwa, ililambwa. Walikaribia kushikana mashati. Padri akaweka sheria, mimi nikaiandika kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko cha sanduku: KADI HAIBISHIWI. Kilichoandikwa ndicho. Hata kama wewe ndiye ng'ombe mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Ni sheria nzuri kwa amani, na mimi niliipenda kuliko wote, kwa kuwa nusu ya makadi yale yalikuwa mkono wangu.

Fainali ilikuwa Jumamosi ya tarehe 17 Novemba mchana, mimi na Mwalimu. Mama alikuambia nilishinda. Hakukuambia kwamba Mwalimu alikuwa ameshajaza vipande vitano, amebakiza kijani tu, na alitua kwenye nyumba ya kijani kabla yangu. Kadi nilimsomea mimi. Akakosa. Zamu ikaja kwangu, sikuiachia tena. Nilibebwa mabegani mpaka kwenye ngazi za kanisa. Swali alilokosa nitakuandikia baadaye. Mkono unakataa kuliandika sasa.

Mwalimu hakununa. Kwa kweli yule bwana hakuwa na kinyongo hata cha kumwekea paka. Jumatatu alikuja nyumbani akaomba sanduku langu, akasema kazi kama hii haifai kubaki kwenye maboksi ya nafaka, na tahajia yangu inaumiza macho. Akayapiga makadi yote upya kwa taipureta, akayarudufu kwa mashine ya shule, akapata masanduku matano safi. Mawili akamkabidhi Hervé alete kwenu. Ndipo mkatuma lile neno la dharau kwamba Pointe-Brûlée hatujui kitu, tuje tuulizwe huko kwenu siku ya sikukuu, tarehe 8 Desemba.

Mwalimu alitaka twende wote wawili. Alipiga honi mlangoni kwetu asubuhi ile. Nikatoka na soksi tu, nikamwambia bingwa haendi kwa watu, watu ndio wanaomjia bingwa. Akacheka, akasema basi atakwenda kuniletea wafungwa. Akapandisha kioo. Ningekuwa nimevaa viatu, kaka, ningekaa kando yake, na ningeiona ile rangi ya ziwa lisiloganda vizuri kabla hatujafika mbali. Wewe unaijua rangi yenyewe. Baba alituonyesha tukiwa wadogo kabisa.

Mlikaa mezani mkamngoja mpaka supu ya njegere ikaganda. Huku aliyeona ni Mzee Adélard, saa sita, akitoka kulisha mbwa. Aliona alama za matairi zinaingia ziwani na hazionekani kutoka, na mbele yake duara jeusi, na kofia ya sufu nyekundu imekaa ukingoni kama mtu ameivua aingie ndani ya nyumba. Walimpata siku ya pili. Mikono yake ilikuwa imekwaruzika mpaka kwenye viwiko. Sitaandika zaidi ya hapo, maana najua Huguette naye atasoma.

Tangu siku hiyo kijiji kina maneno yake yaliyokwisha kuiva. Mtu wa mjini. Aliona weupe akadhani ni barafu. Hakupima. Matangani Mzee Adélard alirudia mara tatu kwamba alimwambia asubiri misonobari ipandwe, na kila aliporudia, watu waliitikia kwa kichwa na kuchukua kipande kingine cha keki. Mimi pia niliitikia. Nilisema kwa sauti, tena mbele ya mkewe, kwamba vitabu havimwambii mtu barafu ina sauti gani. Nilisema hivyo, Rosaire.

Jumapili wewe ukapiga simu. Mama alipokea, mimi nikiwa kando nakula. Alikuwa anayarudia maneno yako kwa sauti kama mtu anayesoma misa. Eti vijana wa kambi wametoboa barafu Jumamosi. Eti imefika kumi na nne, na kadi ya Ghislain inasema kumi na mbili, kwa hiyo Jumatatu tarehe 24 mtakata katikati ya ziwa na watoto, mfike mapema kwa misa na chakula cha Krismasi. Mama ameshaoka pai sita za nyama tangu hapo. Mimi nilitabasamu na mkate mdomoni. Nilifurahi kwamba hata vijana wa kampuni wanafuata kadi yangu.

Juzi Jumanne nilikwenda kumchotea theluji Maryse mlangoni kwake. Aliniita ndani, akanipa kahawa, na lile sanduku moja la marehemu alilojiwekea yeye. Alisema hawezi kuliona. Kisha akaniambia jambo moja ambalo, alisema, anataka walau mtu mmoja hapa kijijini alijue. Mumewe alipima. Yeye mwenyewe alimshikia keke pale ufukweni, na Mwalimu akashusha rula ndani ya tundu, akaisoma mara mbili, akarudi anasugua mikono kwa baridi na furaha. Alimwambia, kumi na tatu. Alimwambia, “Mwambie bingwa nimemzidi kadi yake kwa moja.”

Nikamuuliza, rula gani. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Rula ya darasani, ya plastiki, ya namba mpya hizi za shule, zinazoanzia sifuri mpaka thelathini. Nikaomba kuiazima. Nadhani alidhani nataka kumbukumbu ya marehemu, akanipa, akanishika bega.

Nyumbani nilitoa rula ya mbao ya Baba, ile uliyoitafuna mwisho, nikaziweka juu ya kitanda pamoja. Zililingana, kaka. Zilipishana kwa unene wa ukucha. Ya Baba inaishia kumi na mbili. Ya Mwalimu inaishia thelathini.

Sasa nakuandikia lile swali. Kadi ya kijani, mkono wangu: barafu iwe na unene gani ndipo pikapu ipite salama? Jibu niliandika 12, basi, na duara kuizunguka. Sikuandika inchi. Kadi ilikuwa ndogo, na nani hapa kwetu amewahi kusema inchi akizungumzia barafu? Baba alikuwa anarudi ziwani anasema kumi na mbili, Mama anaanza kufungasha. Ni kama kusema saa bila kusema mchana.

Na Mwalimu, nilipomsomea mbele ya ukumbi mzima, hakusitasita hata kidogo. Alisema thelathini.

Ukumbi ulilipuka. Mzee Adélard alisema kwa thelathini unaweza kulivusha kanisa na padri akiwa ndani anahubiri. Mtu mwingine akasema huyo anangoja barafu ya Ncha ya Dunia. Mwalimu akawa mwekundu, akasema amekisoma kijitabu cha serikali, ana hakika, thelathini. Nikamwambia serikali haijawahi kuvuka ziwa Loutre ndiyo maana inaogopa. Akaniuliza, na hili nimelisikia kila siku tangu Jumanne, akaniuliza kwa upole tu: “Kumi na mbili nini, Ghislain?” Na mimi nikasimama juu ya benchi, nikainua kadi, nikamwambia, “Kumi na mbili, Mwalimu, ile inayokuja baada ya kumi na moja, hamjafika huko darasani?” Halafu nikageuza kifuniko nikawaonyesha watu ile sheria, nao wakaisoma wote kwa pamoja kama wimbo.

Akanyamaza. Ule unyamavu nilioutaka. Akatabasamu, akasema basi, kadi haibishiwi, watu wa hapa wanalijua ziwa lao kuliko kijitabu.

Alikuwa sahihi, Rosaire. Alijibu sawasawa, na tukamcheka ukumbi mzima mpaka akaliacha jibu lake akachukua letu. Sisi tulisikia thelathini tukafikiri inchi. Yeye alisikia kumi na mbili akafikiri sentimita. Hakuna aliyesema uongo. Lakini aliyeulizwa kumi na mbili nini ni mimi, peke yangu, na nilikuwa na jibu, na nikaona kichekesho kinafaa zaidi.

Bado sijafika kwenye lililonifanya nisilale vizuri. Lile sanduku alilonirudishia Maryse nililifungua nikatafuta kadi ile. Unajua alivyokuwa nadhifu. Haachi namba uchi. Ameipiga kwa taipureta vizuri kabisa, bila kosa moja la tahajia: SENTIMITA 12. Aliiandika mwenyewe kwa vidole vyake viwili. Na kama iko hivyo kwenye sanduku lake, iko hivyo kwenye yote matano, pamoja na hayo mawili yenu. Sentimita kumi na mbili hazifiki hata inchi tano. Mtu kwa miguu, atembee akiomba. Pikapu yenye watu wanne na mizigo ya Krismasi, hapana.

Masanduku matatu ya huku nimeshayakusanya jana kwa kisingizio kwamba nasahihisha swali la ng'ombe. Hakuna aliyeuliza. Yenu siwezi kuyafikia.

Nimejaribu kujituliza. Nimejiambia, Rosaire ametoka tumbo moja na mimi, ataiona rangi. Lakini wewe ni miaka saba uko ndani ya kiwanda cha karatasi, na Jumamosi hukutoboa wewe, wametoboa vijana, na kampuni yenu tangu mwaka jana imebadilisha vipimo vyote, uliniambia mwenyewe ulivyokuwa unalaani. Theluji imelala nene, huwezi kuona rangi chini yake. Ikiwa vijana wametumia fimbo ya zamani ya inchi, kumi na nne ni barafu ya kuchezea ngoma, na barua hii itakuwa ya kunichekea mpaka uzee wangu. Ikiwa wametumia rula ya kampuni kwa sababu kadi yangu imesema sentimita, basi mmemzidi marehemu kwa moja tu. Mwalimu alikuwa na kumi na tatu.

Lipo jambo moja zaidi na hili ni baya kuliko kadi. Tangu Jumanne nimejua kwamba askari ana redio ya kuita kambini kwenu, inafunguliwa saa kumi na moja jioni kwa nusu saa. Jumanne nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikarudi. Jana nilikwenda, nikaongea naye habari za hoki, nikarudi. Ukiita kwa redio ile inasikika wilaya nzima, kila bwalo la kambi, kila ofisi ya msitu, na ingebidi useme sababu. Niliona afadhali barua. Barua inasomwa na mtu mmoja. Nimefika ukurasa huu ndipo nikaona nimeandika nini: nimekupimia wewe na watoto wako kwa aibu yangu, na nimeona aibu ni nene zaidi.

Kwa hiyo nikifunga bahasha hii naipeleka kwa Hervé kama nilivyosema, kisha nakwenda kwa Maryse. Yeye asisikie kwa redio kwamba mumewe alijibu sawasawa; asikie kwangu, nikiwa nimesimama sakafuni, si juu ya benchi. Saa kumi na moja nitakuwa kwa askari na nitayasema yote na jina langu kamili. Kama redio imekufikia kabla ya barua, basi haya umeshayasikia na watu wote wa Anse-Noire wameshaanza kunipa jina jipya. Wakubalie. Kama redio nayo imelala kwa sababu ya mvua, basi barua hii ndiyo pekee, na ndiyo maana nimekuomba uisome yote.

Toboa mwenyewe. Usimtume mtu. Toboa katikati pia, siyo karibu na gati tu, na upime kwa kidole gumba chako, gumba kumi na mbili, kama Baba. Kama hazifiki, zungukeni na Hervé, au msije kabisa. Pai zitaliwa na Mama atalia kidogo, hilo nitalibeba mimi.

Nisalimie shemeji Huguette na umwambie mapishi yake ya viazi na jibini bado hayajapata mpinzani upande huu. Wabusu watoto. Mama anakusalimu, yuko chini anakunja karatasi za zawadi na hajui ninaandika nini. Mzee Adélard anakusalimu pia, anasema misonobari hajaipanda bado.

Yale mengine yote utanijibu ukipata nafasi. Hili nijibu leo, kwa redio, kwa Hervé, kwa mtu yeyote anayekuja huku kwa njia ya nchi kavu: kumi na nne zipi, kaka?

Ni mimi mdogo wako,
Ghislain Vaillancourt